Barua kwa mwanangu Zuhura: njoo ufanyie fildi nyumbani

Ujiji, Kigoma
18 Mei 2024

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Huku hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua, ila leo kaamka na nguvu za kutosha kugombana na kuku wa jirani. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili nikaona siwezi kuujibu kwa kubonyeza kioo cha simu, nikachukua kalamu. Mdogo wako ataipiga picha barua hii akutumie.

Unasema umepeleka maombi ya fildi, hayo mafunzo yenu ya kazini, kwenye vituo vitatu vya televisheni Dar es Salaam. Kimoja kimekuambia usubiri, viwili kimya. Sasa unataka ufunge safari hivyo hivyo, ufikie kwa shangazi yako Mbagala, uwe unapiga hodi getini kila asubuhi mpaka wakuchoke wakupokee. Kupiga hodi sikukatazi, mimi mwenyewe niliingia kazi hii kwa kupiga hodi. Lakini hesabu vizuri. Fildi ni wiki nane. Mbili zikiishia getini, ya tatu ukiwa unajifunza nani ni nani, zinabaki tano, na hizo tano unagawana kamera na wanafunzi wenzako wa vyuo vyote vya mjini. Utarudi chuoni Malimbe na logibuku, lile daftari la kazi zako za kila siku, iliyojaa "nilishuhudia" na "nilisaidia kubeba".

Njoo ufanyie hapa Kigoma.

Usinune kwanza. Najua redio ya mkoani haina taa wala vipodozi, na wenzako wataweka picha za studio kubwa wewe ukiwa na picha ya mti wa mwembe. Ila chumba cha habari hapa kina watu wanne, watano. Wiki ya kwanza utapewa kinasa sauti uende soko la Mwanga. Ya pili utakata sauti zako mwenyewe kwenye kompyuta, kwa sababu hakuna wa kukukatia. Siku msomaji wa zamu akiamka na malaria, wewe ndiye utasoma habari za saa saba mchana. Utakosea, na waliosikia watanifikishia mpaka msikitini. Nitavumilia.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani hujaliona kutoka huko Mwanza. Ziwa Tanganyika limefungwa Jumatano, tarehe 15. Hakuna kuvua miezi mitatu, mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane. Ni makubaliano na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia, maana ziwa ni la wote wanne. Fildi yenu inaanza mwishoni mwa Julai. Maana yake wewe utakuwa hapa siku linafunguliwa!

Siku hiyo magari yatakuja, hotuba itasomwa, na taarifa itaanza na cheo cha mgeni rasmi. Waachie wengine hiyo. Wewe nenda Katonga, mwaloni mitumbwi inakoegeshwa, mapema, wiki mbili kabla. Tafuta mama anayeanika dagaa umuulize michango ya shule ya watoto aliipata wapi tangu Mei. Muulize fundi wa taa za kuvulia amekula nini. Muulize mwenye mtumbwi kama vijana wake watarudi au wameshahamia kwenye bodaboda. Uliza bei ya sado ya dagaa leo, kesho kutwa, na wiki moja baada ya kufunguliwa, uandike zote. Hapo una kipindi kizima, na hakuna mtu wa Dar atakayekuwa nacho. Mwandishi mgeni akifika mwaloni anajibiwa kwa Kiswahili cha heshima, akishaondoka ndipo watu wanazungumza. Mbele yako wewe wataendelea kuzungumza, kwa Kiha, na Kiha unakijua. Kile ulichokuwa unaona aibu kukisema shuleni.

Nikupe na la kwangu, maana kila ukiniuliza nakwepa. Mwishoni mwa 1996 watu walikuwa wanavuka ziwa wakikimbia vita vya Zaire, mitumbwi inaingia Kibirizi mchana na usiku. Nilikuwa mwandishi wa mkoani wa gazeti moja, nalipwa kwa stori. Habari naituma kwa faksi, filamu ya picha naitia kwenye bahasha namkabidhi mhudumu wa treni, isafiri zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Dar. Siku moja nikamuuliza bwana mmoja aliyeshika redio ya upepo, watu wangapi wameingia tangu jana? Akanitajia idadi. Ilikuwa kubwa, ikanipendeza, nikaituma. Kumbe yule alikuwa dereva, na yeye kaisikia kwa dereva mwenzake. Gazeti likasahihisha baada ya siku mbili, na stori ile sikulipwa. Na zile zilizokuwa sahihi walizilipa baada ya miezi, lakini hilo ni kilio kingine.

Tangu hapo daftari langu nililigawa kwa mstari katikati. Kushoto nilichokiona kwa macho, kulia nilichoambiwa, na jina la aliyeniambia na kazi yake. Upande wa kulia hauendi kwa mhariri mpaka mtu wa pili auseme. Msimamizi wako wa chuo akija kukukagua, mwonyeshe daftari la namna hiyo kabla ya logibuku.

Bahasha. Utapelekwa kwenye semina, na mwisho itapita karatasi ya kusaini "nauli" hata kama umekuja kwa miguu. Sitakudanganya kwamba sikuwahi kuchukua. Nilichukua, nilikuwa na watoto watatu na gazeti lisilolipa. Ila kuna mkurugenzi mmoja ambaye baada ya nauli zake mbili tatu sikuweza tena kumuuliza swali, mdomo ulikuwa mzito kabisa, na alijua. Kwa wiki hizi nane nitakupa mimi ya sabuni na ya kula unayo nyumbani, kwa hiyo huna sababu. Ukishajitegemea utaamua. Hela ya fildi kutoka bodi ya mikopo ikiingia, hilo bumu lenu, usilete nyumbani hata shilingi. Nunua spika za masikioni nzuri na flashi. Kila kazi yako iliyokwenda hewani inakiliwe siku hiyo hiyo, redio ndogo zinafuta mafaili bila kuaga.

Lile jambo ambalo baba na binti hawalizungumzi, mama yako atakupigia Jumatatu. Mimi nasema hivi tu: mtu yeyote, hata awe mhariri ninayeswali naye safu moja, akikuambia nafasi ya kusoma habari inajadiliwa jioni nje ya kazi, nipigie, hata iwe saa nane ya usiku. Fildi inahamishika.

Na usiniige kwa kudharau darasa. Mimi niliingia na cheti cha kidato cha nne. Sasa kuna Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na kanuni zake zinataka stashahada kwenda juu ndipo upate kitambulisho cha uandishi. Mlango niliopitia umezibwa, na kwa mambo niliyoyafanya, sawa tu.

Jana baada ya swala ya Ijumaa nilizungumza na mhariri wa redio moja hapa mjini. Anachukua wawili. Nafasi moja ameshaishika kijana wa Kasulu. Anataka barua ya chuo yenye muhuri, iandikwe kwa meneja wa kituo, imfikie kabla ya katikati ya Juni. Sikumwahidi kitu, nilisema nitakuuliza. Kama bado moyo wako uko Dar, niambie wiki hii ili nafasi asimwekee mtu asiyekuja, na nauli ya Mbagala nitaitafuta.

Mama yako anauliza kama mawese yamekwisha. Dagaa usitarajie. Ziwa limefungwa, na wale wa mwezi uliopita bibi yako amewaficha chini ya kitanda.

Baba yako