Barua ya wazi kwa wajukuu zangu wa bodaboda: kitu kidogo kinachowezekana hata siku mbaya

Wajukuu zangu wa kijiwe cha njia panda, na vijana wengine wa bodaboda ambao barua hii itawafikia,

Salamu kwenu. Natumaini mu wazima na vyombo vyenu vinatembea. Mimi ni yule bibi yenu mnayempeleka sokoni Jumanne na Ijumaa, mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha akina mama hapa mtaani. Wengi wenu niliwaona mkianza kazi hii hamjaota hata ndevu, na leo mna watoto wanaonipa shikamoo njiani. Ninawaandikia kwa sababu kila nikikaa nyuma ya pikipiki nasikia neno lile lile: "Bibi, nikipata mtaji wa maana nitatoka." Mmoja anangoja mkopo, mwingine anangoja mkeka wake wa kubeti utiki, mwingine anangoja mjomba wa Dar amkumbuke. Nawaombea vyote viwafikie. Lakini asiye na utaratibu kwenye hela ndogo, hela kubwa ikija inampita mikononi vivyo hivyo. Nimeona mkopo wa milioni ukiisha kabla mvua hazijageuka, na ndani ya nyumba halijaongezeka hata godoro.

Ninalotaka mlishike ni hili. Chagueni kitendo kidogo kiasi kwamba mnaweza kukifanya hata siku iliyoharibika kabisa: masika imekaza, abiria hakuna, tajiri mwenye pikipiki anadai hesabu yake ya siku, mtoto nyumbani ana homa. Kinachowezekana siku hiyo ndicho kitakachodumu. Kijana anayejiapiza kuweka elfu kumi kila siku ataweka wiki ya kwanza, wiki ya pili ataruka siku mbili, wiki ya tatu ataona aibu na kuacha moja kwa moja. Ahadi kubwa huvunjika siku mbaya ya kwanza, na kazi yenu haikosi siku mbaya.

Tuseme elfu mbili. Ni hela mnayoimaliza kwa soda na vocha, na jioni hamkumbuki ilikwenda wapi. Ukiitenga siku sita za wiki unapata 12,000. Kwa mwaka ni 624,000. Kijiwe chenu kina vijana kama 20. Mkifanya wote, ni 12,480,000 kabla ya kuongeza riba ya mkopo wowote mtakaokopeshana. Methali ya haba na haba mnaijua tangu darasa la kwanza, sina haja ya kuwasomea. Panapowashinda ni kwenye saa ya kutenga. Mnatenga kile kinachobaki jioni, na jioni hakibaki kitu. Hela ya abiria wa kwanza wa asubuhi isikae mfuko mmoja na hela ya petroli. Itume kwenye laini nyingine, itie kwenye kibubu, mpe mkeo; popote ambapo hutaiona mpaka kesho. Fanya hivyo kabla ya chai.

Na msidhani kuweka kidogo kidogo kwa kikundi ni mambo ya akina mama waliokosa kazi. Vikoba hivi vina asili yake Niger, kwenye eneo la Maradi, ambako mwaka 1991 shirika la misaada la CARE lilianza na wanawake wa vijijini walioweka hela ndogo kila wiki na kukopeshana wenyewe. Benki haikuwepo karibu, na kama ingekuwepo isingewatazama. Utaratibu ule ukasambaa nchi nyingi za Afrika, ukafika kwetu Bara na Zanzibar. Ni utaratibu mwepesi: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na mwenye sanduku hana ufunguo. Hisa, yaani mafungu ya akiba ya kiwango mlichokubaliana, zinanunuliwa mbele ya wote, zinahesabiwa kwa sauti, kila mtu anasikia jumla kabla ya kuondoka. Kuna mfuko wa jamii pembeni kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Katika kikoba chetu yuko mama aliyeanza kwa hisa moja moja, wakati wengine wakinunua tatu. Hakukosa kikao, na hakuchelewesha rejesho. Leo ana vyumba vitatu vya kupangisha. Walionunua tatu tatu kwa kishindo, baadhi yao walishatoka kikobani.

Kuna jambo jingine ninalopenda kuwaambia vijana, la Wangari Maathai wa Kenya. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake walipanda miti saba jijini Nairobi. Saba tu. Baadaye kazi ikahamia kwa vikundi vya wanawake vijijini, wakawa wanaotesha miche kwenye vitalu vyao, na kila mmoja alilipwa hela kidogo sana kwa kila mche uliopona. Hapo ndipo penye fundisho. Mche ukipandwa ukanyauka, hakuna malipo. Kwa hiyo mama ilimbidi arudi na ndoo ya maji, aukinge na mbuzi, arudi tena wiki ijayo. Miti ile leo inahesabiwa kwa makumi ya mamilioni, na mwaka 2004 Wangari akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Nanyi jihesabieni kilichopona. Siku uliyofungua laini ya akiba ukapiga picha ukaweka status, hiyo sina habari nayo. Niambie mwezi wa nne ina shilingi ngapi.

Sasa niingie kwenye chombo chenyewe, maana huko nako nimeona mengi. Oili. Mnasukuma siku, "nitamwaga wiki ijayo", kwa sababu pikipiki bado inavuta. Fundi wetu wa hapa karibu na msikiti alinionyesha oili aliyoimwaga kwenye pikipiki ya mmoja wenu: nyeusi tii, nyepesi kama maji, ukiisugua vidoleni unahisi unga wa chuma. Oili ndiyo inayobeba joto na uchafu wa ndani. Ikichoka, ringi zinalika, moshi unaanza kutoka, nguvu inapungua mlimani, na petroli inaongezeka pole pole bila mwenyewe kujua kwa nini mfuko hautoshi. Siku injini inapogoma, kijana analaani bahati yake. Tena analala ndani siku kadhaa bila kazi, na hesabu ya tajiri inaendelea kusoma. Cheni nayo ni hivyo hivyo. Dakika chache za kuikaza na kuipaka oili asubuhi zinaokoa meno ya gurudumu la nyuma yanayoshika cheni, ambayo hamtaki hata kusikia bei yake.

Helmeti naiandika kwa uchungu. Mwenzenu aliyeanguka mwaka jana alikuwa nayo. Ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti nzuri iliyovaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 40, na ya kuumia vibaya kichwani kwa takribani asilimia 70. Kuivaa sawasawa maana yake mkanda umefungwa chini ya kidevu, si kuiegesha kichwani kwa ajili ya trafiki. Kufunga ule mkanda hakumalizi hata pumzi mbili. Mama yake kijana yule sasa anamlisha kwa kijiko mtu mzima wa miaka 26. Nawasihi, wanangu, fungeni. Na ya abiria ifueni kile kitambaa cha ndani, maana wengi tunaikataa kwa sababu ya harufu, na tunakaa nyuma yenu vichwa wazi.

Kuhusu kubeti nitasema machache. Elfu moja kila siku ni 365,000 kwa mwaka, na sijaona kijana aliyeishia kwenye elfu moja. Kausha damu, ile mikopo ya riba kali, nayo huingia mlango huo huo: anayekopa leo kulipia jana, wiki ijayo atakopa kulipia leo. Kama tayari mmeingia, njooni tuzungumze kabla hamjakopa kwa mtu wa pili.

Nirudi kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote: daftari. Kijana mmoja wa kijiwe chenu, ambaye mkitafakari mtamjua, alinilalamikia kwamba anatoka alfajiri anarudi usiku na hana kitu. Nikamwambia anunue daftari dogo la mistari, aandike kila jioni vitu vitano: mapato, petroli, hesabu, matengenezo, kilichobaki. Nikamwomba na jambo la ziada, aandike saa aliyompata kila abiria. Mwanzo aliona ni kazi ya shule. Baada ya mwezi tulikaa kibarazani tukalisoma pamoja. Kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri alikuwa anazunguka mji mzima kutafuta abiria, anapata mmoja au wawili, na petroli ya kuwatafuta inakula nauli yao. Hela yake ya kweli ilikuwa ya alfajiri, kwa mama lishe na wauza mboga wanaokwenda sokoni saa kumi na moja.

Akabadilisha mambo mawili tu. Mchana akaegesha pikipiki kivulini. Na alfajiri akawa hachelewi kwa wale akina mama, hata mvua inyeshe, hata iwe siku ya pili ya Idi. Mmoja akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia jirani. Ikafika mahali wanampigia simu, "nenda kaninunulie nyanya tenga moja, hela naituma," wao wamebaki jikoni. Mtu kukuamini na hela yake ya nyanya si jambo dogo kwenye biashara. Kutoka hapo akaanza kununua nyanya kwa hela yake na kuwasambazia. Pikipiki alimaliza mkataba wake, ikawa ya kwake, na sasa ana mzigo unaohitaji bajaji. Biashara hiyo aliijenga kwa kuandika mistari mitano kila jioni na kuamka saa kumi. Mtaji mkubwa hakupewa na mtu.

Daftari lina kazi nyingine pia. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimama mwaka 2023, ukarejea mwaka 2024. Mmekuwa mkiniambia fungu hilo ni la wenye kujuana. Lakini kikundi kinachokwenda kuomba kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, kina katiba, kina akaunti. Kijiwe chenu kina mwenyekiti na katibu. Kina mihtasari ya vikao? Nani anaandika nani kachangia msiba wa nani? Mkianza kuandika sasa, siku ya kwenda kwa afisa maendeleo ya jamii mtakwenda na makaratasi ya kusimamia, na akiwakatalia mtakuwa na haki ya kumuuliza kwa nini.

Na nyumbani, acheni kodi ya meza, hela ya chakula cha siku, kabla hamjatoka, hata kama ni ndogo. Mpigieni mama simu bila kumwomba kitu.

Kikoba chetu kinakutana Jumamosi saa tisa alasiri, uani kwa mwenyekiti. Nimeshaomba ruhusa kwa wenzangu. Leteni vijana wawili au watatu, mkae mtazame sanduku linavyofunguliwa, hisa zinavyohesabiwa na mtu anavyoulizwa maswali kabla ya kupewa mkopo. Katiba yetu nitawaazima mkatoe kopi. Mkitaka kuanzisha cha kwenu, nitakuja kijiweni kumfundisha mweka hazina wenu kuandika daftari, jioni yoyote isipokuwa Jumatano, maana siku hiyo nakuwa kliniki ya presha. Hisa yenu ya kwanza iwe ndogo. Mkubaliane kiwango ambacho yule mwenye hali ngumu kuliko wote kijiweni anakiweza mwezi wa masika.

Ni mimi bibi yenu,
Mweka hazina, Morogoro