Tathmini ya bomba la mafuta isiishie kwenye mkuza wa mita 30

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie tathmini ya mazingira ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Wengi wetu hapa Mwanza tunaliona kuwa jambo la wenzetu wa Kagera na Geita, kwa kuwa huko ndiko linakopita na kwetu halipiti. Mimi nauza dagaa kwenye soko la Mwaloni Kirumba. Riziki yangu inatoka kwenye ziwa linalopokea mito ambayo bomba hilo linaivuka, na kwa hiyo siwezi kusema halinihusu.

Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, katika mikoa minane. Karibu theluthi ya urefu wake imo ndani ya bonde la Ziwa Victoria. Waliolipwa fidia ni wale ambao mashamba na nyumba zao ziliangukia kwenye ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya mradi, yaani mkuza, ule ukanda wa upana wa mita 30 bomba linamopita, na maeneo ya kambi na mitambo. Hiyo ni haki yao na wala siwaonei kijicho. Hoja yangu ni kwamba mkuza unatosha kupimia ardhi iliyochukuliwa, lakini hautoshi kupimia madhara. Mafuta yakivuja mtoni hayaangalii mwisho wa mkuza uko wapi.

Kama kuna anayedhani natia chumvi, akumbuke magugumaji. Yaliteremka na Mto Kagera kutoka juu huko, yakaingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na baada ya miaka michache tu yalikuwa yameziba mialo, mahali pa kushushia samaki, katika nchi zote tatu za ziwa. Hakuna mtu wa Mwanza aliyeyapanda. Hayakupita kwenye shamba la mtu yeyote wa Ilemela au Sengerema, lakini wavuvi wa huko walishindwa kutoa mitumbwi. Na bomba hili linauvuka Mto Kagera huohuo.

Tena haya si mafuta ya kawaida. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli, na ndiyo sababu bomba litakuwa likipashwa joto la nyuzi 50 njia nzima. Maji ya ziwa letu yana nyuzi 25 hivi. Sasa nauliza kama mtu wa mwaloni: mafuta hayo yakifika kwenye maji, yatakuwa mabonge yanayoelea? Yatashika kwenye matete ambako sato wanazalia? Nani amewaeleza wavuvi kitu cha kufanya wakiyakuta kwenye nyavu?

Dagaa ana siri moja ambayo kila mnunuzi wa Mwaloni anaijua. Mnunuzi haridhiki kwa kutazama. Anachota kiganja kutoka kwenye gunia, anawasugua, ananusa. Mtumbwi ukimwagikiwa petroli kidogo tu kutoka kwenye dumu la mashine, dagaa waliolala chini wanajulikana papo hapo. Utawaanika kutwa nzima juani na harufu haitoki. Mnunuzi anayepeleka mzigo Kongo anarudisha kiganja chake kwenye gunia na kusogea kwa jirani yako bila kusema neno, na wewe unabaki kuwauza kwa bei ya kutupa wakawe chakula cha kuku. Hiyo ni petroli ya kikombe kimoja. Mitambo ya mafuta ikifika kileleni, bomba linatarajiwa kupitisha mapipa zaidi ya 200,000 kwa siku.

Mhariri, sipingi bomba. Kupitia TPDC, shirika letu la maendeleo ya petroli, nchi yetu ina hisa asilimia 15 kwenye kampuni ya bomba hili, vijana wetu wamepata kazi huko, na serikali itapata mapato. Ninachopinga ni kuichukua tathmini ya mazingira kama karatasi ya kufungulia geti. Tazama mfululizo wa mambo: jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017, na cheti cha mazingira kwa upande wa Tanzania kikatoka 2019. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 81, inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza. Inawezekana kabisa kwamba jiwe la msingi kisheria si kuanza mradi. Lakini mwananchi aliyeona marais wawili wakiweka jiwe, ukimwita mwaka unaofuata atoe maoni, atakwambia nini? Atasema ndiyo, apewe nauli yake, arudi nyumbani.

Vikao vya namna hiyo navifahamu. Mtaani kwetu uliwahi kuitishwa mkutano wa maoni kuhusu kituo cha kuuza mafuta ya magari. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa kabla mtaalamu hajafungua mdomo, tukaandika majina na namba za simu, tukasaini. Ripoti ilikuwa mezani, nene, kwa Kiingereza. Mama mmoja aliuliza kisima chake kiko umbali gani na matangi yatakayofukiwa. Akajibiwa kwamba suala lake limechukuliwa. Hakuna aliyeandika. Lakini saini zetu zote bila shaka zimo kwenye ripoti, kuonyesha kwamba jamii ilishirikishwa.

Kanuni za tathmini za 2005 zinataka ripoti iwe na muhtasari wa lugha nyepesi kwa Kiswahili na Kiingereza. Ni jambo jema, ila muhtasari ni mahali pa kujua mradi ni nini, si mahali pa kujua mto utavukwa namna gani, vali za kufunga mafuta ziko umbali gani kutoka mtoni, au mafuta yakimwagika usiku watu wa kwanza kufika ni akina nani na watatoka wapi. Sura hizo ndizo zinazomhusu mvuvi. Sheria zetu sasa zinaandikwa kwa Kiswahili na mahakama zinatumia Kiswahili. Mpango wa dharura wa bomba la mafuta nao uandikwe kwa Kiswahili, ubandikwe kila mwalo, wote, si muhtasari wake.

Najua kuna watakaosema dunia nzima sasa inapunguza urasimu huu. Ni kweli kwamba nchini Marekani, ambako ardhi ya umma hukodishwa kwa kampuni za mafuta na gesi kwa mnada, Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo kule ndiyo husimamia ardhi hiyo, ilitangaza Aprili 2025 utaratibu wa dharura wa miradi ya nishati, ambapo tathmini kubwa iliyokuwa ikichukua miaka ikamilike ndani ya siku 28. Wenzetu hao wana sheria ya tathmini tangu Januari 1970, wana mashirika yenye mawakili yanayoweza kuisoma ripoti usiku mmoja na kwenda mahakamani asubuhi. Sisi tukiiga siku 28 tutamwacha nje mtu wa Ukerewe ambaye habari yenyewe itamfikia siku ya 30.

Jambo hili halitaishia kwenye bomba. TPDC imekuwa ikitafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, linalogusa majirani zetu wa Simiyu na Shinyanga, na imeshakusanya huko takwimu za mitetemo, zinazoonyesha miamba iliyo chini ya ardhi. Siku wakiamua kuchimba kisima, ardhi itakayochimbwa kisheria ni ardhi ya umma ambayo Rais ni mdhamini wake kwa niaba yetu sote. Mfugaji anayepeleka ng'ombe Wembere wakati wa kiangazi hana hati wala nyumba kule. Kwa kipimo cha fidia, hayupo. Ni lazima awepo kwenye kipimo cha madhara, na aulizwe wakati bado kuna uwezekano wa kubadilisha mahali pa kuchimba.

Kwa bomba, cheti kimeshatoka, lakini kazi ya tathmini haijaisha. Mradi unaoendelea hukaguliwa, na taarifa za ukaguzi huo NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, inaweza kuziweka wazi. Naiomba NEMC, pamoja na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu, walete mpango wa kukabiliana na uvujaji kwa watu wa ziwa kabla mafuta hayajaanza kutiririka. Kila BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi kwenye mwalo, ipewe namba moja ya simu ya kupiga ikiona mafuta, na ipigiwe simu bomba linapopasuka. Mamlaka inayochota maji ya kunywa ya jiji pale Capri Point na Butimba ituambie nayo itafunga pampu baada ya muda gani. Na maji yapimwe sasa, kwenye midomo ya mito na kwenye mialo, yakiwa bado hayajaguswa, ili kesho likitokea la kutokea kusiwe na wa kusema mafuta yalikuwepo tangu zamani.

Nina ombi dogo kwa watakaopanga vikao hivyo. Wasiviweke siku za giza, mwezi usipoonekana, kwa sababu wavuvi wa dagaa huwa majini usiku kucha na mchana wamelala, na sisi wanawake tuko kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Waje siku za mbalamwezi. Mitumbwi inakuwa imepandishwa, na watu wote wa mwaloni wapo.

Mchuuzi wa dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza