Fedha ya soksi zangu inaishia ziwani

Mhariri,

Nilinunua jozi tatu za soksi pale Owino, muuzaji akaniapia kwamba hazitanuka hata nikizivaa wiki nzima. Kweli, hazikunuka. Kikaratasi chake kilisema tu kuwa zina fedha, ile madini ya mikufu na pete, inayoua vijidudu. Ni kiasi gani, hakikusema. Wala hakikusema kwamba fedha hiyo hutoka zinapofuliwa. Nikafua jozi moja kwenye beseni, maji nikayamwaga mferejini. Mfereji wetu hapa Ggaba unateremka moja kwa moja ziwani.

Fedha hiyo huwa chembechembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita, yaani milimita moja uigawe mara milioni. Utadhani kitu kidogo hivyo kikiingia Ziwa Victoria kimekwisha habari yake. Wapi! Kwenye majitaka yasiyo na hewa, fedha hukutana na salfa ikawa kitu kisichoyeyuka kirahisi, na sumu yake hupungua sana. Mara moja moja uvundo nao una faida. Ila fedha iliyofika ziwani bila kupita huko huyeyuka kidogo kidogo, na kilichoua vijidudu vya miguu yangu hakichagui: kinadhuru pia mwani, na vile vidudu vya majini ambavyo ni chakula cha mukene, dagaa kwa ndugu zetu wa ng'ambo.

Tena si lazima chembe hizo zizame. Kwenye ziwa la chumvi la Katwe zingegandana kama maziwa yaliyotiwa ndimu, zikatua chini. Ziwa letu ni la maji baridi, chumvi yake haba. Na yale maji ya rangi ya chai yanayotoka kwenye mafunjo yamebeba masalia ya majani yaliyooza, ambayo huzivika chembe kama ngozi zisishikane. Hapo huweza kuelea na kusafiri mbali.

Sisemi mukene wana sumu. Jana tu nimewala. Nataka tuambiwe tunachonunua. Umoja wa Ulaya tangu 2013 unataka kila kipodozi chenye chembe za udogo huu, ziwe za kitu gani, kiandikwe neno "nano" kando ya jina la kiungo. Shirika letu la Viwango lingeanzia hapo, kwenye vipodozi kama losheni za kukinga jua, kisha lifike kwenye soksi.

Jozi mbili bado sijazifungua. Sijui nimrudishie nani.

Msomaji wenu,
Ggaba, Kampala