Vikundi vya wanaoacha pombe vitangazwe hadharani

Mhariri,

Kila msako wa chang'aa unapofanyika tunaonyeshwa mitungi ikimwagwa na machifu wakipongezwa. Naunga mkono misako hiyo. Lakini mnywaji aliyemwagiwa pombe yake asubuhi bado ana kiu jioni, na huku mitaani hakuna anayemwambia aende wapi akitaka kuacha.

Kaka yangu mkubwa alipotamka kwa kinywa chake kwamba pombe imemshinda, tulianza kuulizia. Kwenye zahanati tulitajiwa bei ya kituo cha kurekebisha waraibu, na hata tungeuza ng'ombe isingefika. Kanisani tuliombewa. Mzee wa mtaa alishauri kaka arudishwe mashambani. Hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba wapo watu waliokuwa walevi wanaokutana kila wiki, bila ada, kusaidiana wasinywe tena. Habari hizo tulizipata kwa bahati, kwa mwendesha bodaboda aliyekuwa mmoja wao. Kumbe wanakutana katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa tunalolipita kila tukienda sokoni!

Nilimsindikiza kaka, kwa kuwa mkutano ule ulikuwa wa wazi na hata asiyekunywa aliruhusiwa kuingia. Ipo mingine ya wenye tatizo peke yao. Viti vya plastiki vilipangwa duara, chupa ya chai ikiwa mezani. Mama wa makamo aliyevaa kitenge ndiye aliyeongoza. Alitaja jina lake la kwanza tu, akasema yeye ni mlevi, ingawa hajagusa pombe kwa miaka mingi, na wote wakamwitikia kwa jina. Kisha aliyetaka kusema akasema. Hakuna aliyemkatiza mwenzake wala kumhubiria. Kaka hakufungua mdomo na hakulazimishwa. Kikapu kilipopitishwa, wageni tuliambiwa tusitoe kitu. Tulipokuwa tunatoka, fundi mmoja wa magari alimwandikia kaka namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, akamwambia: "Ukishikwa na hamu, nipigie kabla hujainua glasi, hata kama ni saa nane usiku." Kaka amempigia mara nyingi, na yule bwana hupokea.

Chama hiki, Alcoholics Anonymous, ambacho wengi hukiita AA, kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mfanyabiashara kutoka New York, alikuwa hotelini huko, biashara imemwendea vibaya na hamu ya kunywa imempanda. Badala ya kuingia baa, alitazama orodha ya makanisa iliyokuwa ukumbini mwa hoteli, akapiga simu akiomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyokutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith, na wawili hao wakaanzisha kikundi cha kwanza. Orodha iliyobandikwa mahali pa wazi ndiyo iliyowakutanisha, na hicho ndicho ninachokiomba hapa kwetu.

Nimeambiwa kwamba mambo haya ni ya siri. Siri hiyo inalinda jina la mtu, sura yake na yale aliyosimulia. Haimzuii katibu wa kanisa kusoma kwenye matangazo ya Jumapili kwamba siku fulani, saa fulani, kuna mkutano. Haizuii hospitali ya kaunti kubandika karatasi mlangoni, wala chifu kulitaja jambo hilo barazani. Msikitini nako litajwe, maana AA si ya dhehebu lolote, hata ikikutana katika ukumbi wa kanisa. Sharti la kujiunga ni moja tu, kutaka kuacha kunywa. Na simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ni mahali pazuri pa mtu kuelekezwa kikundi kilicho karibu naye.

Wanaodhani haya ni mazungumzo tu wajue kwamba mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za tiba, walichambua tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Waliona kwamba mipango ya kuwaingiza watu AA, ikifuatwa kwa utaratibu wake, huwawezesha wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zinazotambulika.

Tangazo lenyewe liwe na onyo. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Akitetemeka, akaona vitu visivyokuwepo au akashikwa na degedege katika siku za mwanzo, akimbizwe hospitalini, kwani watu hufa kwa hali hiyo. Kikundi hakitoi dawa.

Mahali pasipo na kikundi, wawili watatu wenye nia wanatosha kukianzisha. Tunahitaji hasa vikundi vya Kiswahili na lugha za nyumbani, huko vijijini ambako chang'aa inapikwa na kunywewa.

Nawe Mhariri, tutengee kona ndogo kila Jumamosi ya kuchapisha mahali na saa za mikutano hii, kaunti kwa kaunti. Wenye vikundi watakuletea habari hizo wenyewe, na jina la mtu halitahitajika.

Dada wa mwanachama,
Nakuru
(Jina limehifadhiwa)