Mwanangu, usimfunge kamba aliyegongwa na nyoka

Tabora mjini

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zenu zimenifikia. Sisi hapa wazima, hofu ni kwenu huko Sikonge. Nimefurahi kusikia bani la kukaushia tumbaku limekwisha kuezekwa. Lakini uliposema wajukuu zangu wanalala chini kwenye mkeka mpaka kitanda kipatikane, na magunia ya mahindi yako humo humo chumbani, moyo haukutulia. Mvua zimeanza, na nyoka nao wameanza kutembea.

Swila, ambaye wengine humwita fira, hutembea usiku akitafuta panya, vyura na vifaranga. Mahindi yakiwa chumbani, panya watakuwa chumbani, na swila atawafuata. Mtoto akijigeuza usingizini akamlalia, anang'atwa kabla hajafumbua macho. Kinga yake mnayo tayari, ni chandarua, ila chandarua kinachoning'inia hakimzuii nyoka. Kichomeke chini ya mkeka pande zote nne, kiingie upana wa kiganja, kisha upapase kwa mkono upande wa ukutani, maana huko ndiko watu husahau. Mahindi yahamie kwenye kihenge kilichoinuliwa. Banda la kuku na rundo la kuni vikae mbali na mlango. Kwenda chooni usiku ni kwa tochi na viatu, hata kama ni hatua kumi. Na mnapochukua magogo ya bani, mlivute gogo kuja upande wenu kwa fimbo ndefu, ili aliyejificha chini yake apate njia ya kukimbilia upande wa pili.

Swila ana silaha mbili. Ya kwanza ni kutema. Akibanwa huinua kichwa, hutanua shingo na kurusha sumu usoni mwa mtu aliye mita mbili au hata tatu kutoka alipo. Ikidondokea ngozi isiyo na kidonda, ioshe tu. Ikiingia jichoni, jicho huwaka papo hapo, machozi humwagika na kope huvimba. Hapo mtu hutaka kufikicha, na kufikicha ndiko kunakochubua kioo cha jicho na kukaribisha kidonda. Mshike mikono. Mlaze ubavu, jicho lililoumia likiwa upande wa chini, mfumbue kope kwa vidole viwili, umimine maji safi taratibu kuanzia upande wa pua kwenda nje. Endelea dakika 15 hadi 20, hata akilia. Maji yakiwa mbali, tumia maziwa huku mtu mwingine akikimbilia dumu la maji. Usitie utomvu wa majani wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Kisha mpeleke akapimwe jicho siku hiyo hiyo, kwa sababu kidonda kidogo kikiachwa huweza kuleta upofu.

Silaha ya pili ni meno, na hapa nisome polepole. Sumu ya swila hula nyama. Maumivu huanza mapema, uvimbe hupanda, na baada ya siku moja au mbili ngozi hugeuka nyeusi na kutoa malengelenge. Kifutu naye huvimbisha sana na huweza kuharibu damu. Ukifunga kamba juu ya jeraha la nyoka kama hawa, unaifungia sumu mahali pamoja na kuinyima nyama damu, na mguu ambao ungepona huishia kukatwa. Kama majirani wamekwisha kufunga na muda mrefu umepita, usiikate kamba njiani. Ifunguliwe mbele ya daktari.

Fanya hivi. Msogeze mgonjwa mbali na nyoka, msimfukuze wala msimshike hata akiwa amekufa, maana kichwa kilichokatwa bado hung'ata. Vua pete, bangili, shanga na viatu kabla uvimbe haujavibana. Mlaze, asitembee hata kidogo, kwani misuli ikifanya kazi ndiyo inayoisukuma sumu mwilini. Funga fito mbili kandokando ya mguu kwa vipande vya khanga, vikaze kiasi cha kuzuia goti na kifundo visikunjike, lakini kidole chako kipite chini ya khanga. Chukua kalamu, chora mstari pale uvimbe ulipofika na uandike saa kwenye ngozi. Rudia kila nusu saa, daktari atausoma huo mstari kuliko maneno yenu. Kwa maumivu mpe paracetamol. Aspirini, diclofenac na ibuprofen zinaweza kuongeza kutoka damu.

Bodaboda ikiwa ndiyo usafiri uliopo, mgonjwa akae katikati, mtu mwingine amshike kwa nyuma. Akianza kutapika alazwe ubavu.

Koboko ni habari nyingine. Penye ng'ato huenda pasivimbe sana, mkadhani hakuna neno. Tazama uso: midomo inatekenya, kope zinashuka, mate yanamjaa kwa kuwa hawezi kumeza, sauti inabadilika. Kinachofuata ni misuli ya pumzi kulegea. Akiacha kupumua, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano au sita, na msichoke mpaka mfike. Huyo bado anaweza kuwa anawasikia, ila hana nguvu ya kufumbua jicho.

Watu watakuletea jiwe la nyoka na wembe wa chale. Wayeye, wale wataalamu wa nyoka wa kwetu, wanawajua nyoka, hilo siwanyimi heshima. Lakini lile jiwe jeusi ni mfupa uliochomwa. Hunata kwa kunyonya unyevu wa juu ya jeraha, na sumu imekwisha kwenda zaidi ya hapo. Linasifiwa kwa sababu si kila ng'ato huingiza sumu. Aliyeng'atwa kavu atapona kwa jiwe, kwa maombi, hata kwa kulala. Usiku ule ule wa kwanza huwezi kujua ni yupi, kwa hiyo kila aliyegongwa aende hospitali aangaliwe saa 24.

Dawa ya kuzuia sumu hupitishwa kwenye mshipa na adrenalini ikiwa tayari mkononi, kwani wengine mwili huikataa: huwashwa, hubanwa kifua, presha hushuka. Usikubali kuchomwa dukani. Wala usishangae mjukuu wangu akipewa kipimo sawa na cha mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpunguzia sumu. Ila dawa hiyo haifufui nyama iliyokwisha kufa, ndiyo maana nakukimbiza na saa.

Kesho nenda zahanati yenu uulize ni hospitali gani ya karibu yenye dawa hiyo wiki hii, au kama ni lazima mje moja kwa moja hospitali ya Kitete hapa Tabora mjini. Uliza pia ni nani kijijini ana gari linalowaka usiku. Namba zao ziandike kwa mkaa ukutani, karibu na mlango, mkeo naye azione. Kisha nitumie na mimi.

Mama yako