Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, mji wa Reading, Uingereza

Ndugu wanachama, asalaam alaikum, Bwana Yesu asifiwe, hamjambo nyote.

Kwa niaba ya kamati tendaji naomba kuwasilisha taarifa ya mwaka. Ya kawaida mnayajua, nitayapitia mbiombio. Futari ilifanyika. Sherehe ya Krismasi ya watoto ilifanyika. Darasa la Kiswahili la Jumamosi linaendelea. Bustani tuliyokodi imetoa mchicha na maboga, na waliopalilia wanajijua, kama ambavyo wasiopalilia wanavyojijua. Misiba miwili ilitupata na tulichanga. Mapato ya mwaka yalikuwa paundi 2,316, matumizi 2,190, salio 126. Humo mna ada, mauzo ya maandazi na michango ya hiari. Mwenye swali amwone mweka hazina.

Sasa nije kwenye lile lililowasha moto katika kundi la WhatsApp tangu Mei, yaani kufutwa kwa safari ya basi ya kwenda baharini Bournemouth na badala yake kuanzishwa matembezi ya kuujua mji wetu.

Uamuzi ule haukuwa wa mtu mmoja. Kamati ilikaa, akidi ilitimia, muhtasari uko kwa katibu. Wazo lilikuwa langu, hilo sikatai, wala sioni kwa nini nilikatae. Basi lilitaka paundi 890 kabla ya maegesho. Matembezi yote yametumia 340, pamoja na mwongozaji na chai. Hizo 550 zilizobaki ziliingia mfuko wa misiba, na wafiwa wa Novemba wanajua zilifanya kazi gani. Kwa hiyo yule aliyeandika kwamba mwenyekiti "ameuza basi letu akanunua magofu" namwomba apige hesabu upya.

Na kuhusu hayo magofu. Mgeni akifika Bagamoyo tunampeleka Kaole, tena kwa majivuno. Hapa watoto wetu wanakatiza bustani ya Forbury na chipsi mkononi bila kujua kwamba pembeni pana magofu ya abasia, yaani makao ya watawa, iliyoanzishwa mwaka 1121 na Mfalme Henry wa Kwanza. Alifia Normandy mwaka 1135, inasimuliwa ni kwa kula kupita kiasi samaki wembamba waitwao lamprey ambao tabibu wake alishamkataza, na mwili wake ukaletwa kuzikwa hapa hapa. Wanaosafirisha maiti wakati wa baridi si sisi peke yetu. Mwaka 1539 Henry wa Nane aliivunja abasia na abati (mkuu wa watawa) wa mwisho, Hugh Faringdon, akanyongwa katika mji huu huu. Kuta zilizosalia zilifungwa miaka kadhaa kwa ajili ya matengenezo, zikafunguliwa tena 2018. Kuziangalia ni bure. Makumbusho ya mji nayo ni bure.

Yule simba mkubwa wa chuma pale bustanini, ambaye wengi wetu tumepiga naye picha ya kutuma nyumbani, ni kumbukumbu ya askari wa kikosi cha Berkshire waliokufa Maiwand, Afghanistan, Julai 1880. Mama mmoja, mwanachama wa tangu chama kianzishwe, alisema mbele ya wote kwamba miaka yote alidhani ni tangazo la sakasi. Faida ya matembezi ni hiyo.

Tukaenda pia upande wa kiwanda cha biskuti cha Huntley & Palmers. Kilianza kama duka dogo London Street mwaka 1822, kikakua hadi kuajiri watu zaidi ya 5,000. Uokaji hapa mjini ulikoma 1976. Makopo yake yalifika hadi Uganda, ambako Biblia za mwanzo za Kiganda zilipewa umbo fupi na nene ili zitoshe kwenye kopo la biskuti zisiliwe na mchwa. Ndugu zetu wa Kampala waliokuwapo siku hiyo walitembea kifua mbele mpaka kituo cha treni. Kwenye London Street hiyo hiyo tuliuona ukuta uliochorwa historia ya watu weusi, kazi ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Wabarbados, watu wa kutoka visiwa vya Karibea, walitutangulia hapa kwa miongo mingi, nao waliandika yao ukutani. Sisi bado tunagombania basi.

Matembezi ya mito, pale Kennet inapoingia Thames, yalipendwa na watoto kwa sababu ya mwewe wekundu. Ndege hawa walikuwa wametoweka kabisa Uingereza hii ya Kusini, wakarudishwa vilima vya Chiltern kuanzia mwaka 1989 kwa makinda ya kutoka Hispania. Kwetu mwewe ni mwizi wa vifaranga. Hapa kuna wanaomtupia nyama bustanini.

Lakini mahudhurio, jamani! Wanachama tuko 64. Matembezi ya kwanza walikuja 14, ya mito 8, na wanne kati ya hao wanane walitoka nyumbani kwangu. Saa nne asubuhi imegeuzwa kuwa saa tano na nusu, na mwongozaji analipwa kwa saa. Halafu wasiokuja ndio waliotangaza kuwa matembezi hayana maana.

Ada ni paundi 40 kwa mwaka. Waliolipa ni 23. Majina sitayataja, ingawa nimeshauriwa niyataje. Wapo wanaodai safari ya baharini ambao risiti yao ya mwisho ameiandika mweka hazina aliyemtangulia huyu wa sasa.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaangalia uwezekano wa kupanda mashua kwenye mfereji wa Kennet, kutafuta ukumbi wa kudumu na pengine kuandika kijitabu cha mji kwa Kiswahili. Basi la Bournemouth halijafa. Litarudi ada zikirudi.

Kuhusu uchaguzi, baadhi yenu mmeniomba niendelee muhula mwingine, na sijakataa. Fomu ziko kwa katibu hadi mwisho wa mwezi. Anayetaka kugombea nafasi yoyote aje na risiti ya ada ya mwaka huu.