Anayesinzia kipindi cha kwanza si mvivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi aliyeandika hapa wiki iliyopita kwamba mwanafunzi wa sekondari ni mtu mzima, saa sita za usingizi zinamtosha, na anayetaka zaidi ya hapo amedekezwa. Simlaumu. Mimi ni mwalimu wa hisabati, kipindi cha kwanza kimekuwa changu kwa miaka mingi, na wimbo huo nimeuimba kumshinda yeye.

Siku moja nilikuwa nasahihisha madaftari, nikafika kwenye la kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Swali la kwanza safi. La pili safi. La tatu, katikati ya mlinganyo, tarakimu zikaanza kuteremka kutoka kwenye mstari, zikawa ndogondogo, kisha wino ukavuta mkia mrefu mpaka ukingoni mwa ukurasa. Alilala kalamu ikiwa mkononi. Nikaikumbuka siku yenyewe: nilimsimamisha nyuma ya darasa, akasinzia wima, bega ukutani, wenzake wakicheka. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mimi nilimwamsha mara tatu katika kipindi kimoja. Sikulala, ila hata kufundisha sikufundisha.

Mkia ule wa wino ndio ulionifanya nianze kusoma. Madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo wao mwaka 2016: mwenye miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 katika kila saa 24. Kuhusu hoja ya kwamba akikua anahitaji kidogo, jibu lilikuwepo tangu miaka ya 1970. Mtafiti Mary Carskadon na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliwaalika watoto wale wale kila kiangazi, mwaka baada ya mwaka, wakawapa saa 10 kitandani na kupima usingizi wao. Walitarajia kwamba kadiri wanavyokua watalala pungufu. Haikuwa hivyo: wakubwa kwa wadogo walilala saa 9 na ushei. Tena waliokuwa wamebalehe ndio waliosinzia zaidi mchana, ingawa usiku walilala sawa na wenzao.

Kinachobadilika ni muda wa usingizi kuja. Mtoto anapobalehe, saa ya mwili wake husogea mbele. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kutoka, na kuchelewa huko kunaweza kufika saa mbili hivi. Mtoto aliyekuwa akidondoka saa tatu usiku sasa anakodoa macho hadi saa tano, hata taa ikiwa imezimwa na mama amesimama mlangoni. Asubuhi nayo mwili wake bado uko usiku.

Sasa nifanye hesabu, ndiyo kazi yangu. Kijana ambaye usingizi humjia saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri amelala saa sita. Akiwa wa kuhitaji saa nane tu, kile kiwango cha chini kabisa, anadaiwa mbili. Kwa siku tano za masomo deni ni saa kumi, yaani kufika Ijumaa amekosa usiku mmoja mzima na zaidi. Jumamosi analala hadi adhuhuri, nasi tunagonga mlango kwa hasira. Analipa deni, lakini hapo kuna mtego: akilala hadi adhuhuri, Jumapili usiku usingizi unazidi kuchelewa, na Jumatatu kipindi cha kwanza ananifikia kama msafiri aliyeshuka kwenye ndege kutoka bara jingine.

Mzazi yule aligusia simu, na hapo niko naye. Mwanga wa kioo unaichelewesha zaidi melatonini, na mazungumzo ya marafiki nayo yanauchelewesha usingizi. Simu ilale sebuleni. Vinywaji vya kafeini vya jioni navyo viachwe, maana saa tano hivi baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Lakini asitudanganye mtu kwamba tukizificha simu zote tatizo limekwisha. Watoto wa Stanford hawakuwa na simu.

Yapo mambo yaliyo mikononi mwa watu wazima. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Mji wa Seattle mwaka 2016 ulisogeza kengele ya sekondari kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo. Wasiwasi wa wengi, pamoja na wangu, ungekuwa kwamba vijana watautumia muda huo kukesha zaidi. Watafiti walipowapima kwa vifaa vinavyovaliwa mkononi kama saa, waligundua wameongeza usingizi wa dakika 34 kwa usiku. Dakika 34 ni karibu kipindi kizima. Jimbo la California nalo limeweka saa mbili na nusu kuwa sheria kwa shule za sekondari tangu Julai 2022.

Najua ratiba ya shule haibadilishwi kwa barua gazetini. Kuna usafiri, kuna wazazi wanaowahi kazini, kuna michezo ya jioni. Kwa hiyo nimeanza na kilicho changu. Adhabu ya kusimama nimeifuta. Jaribio la kila mwezi, ambalo siku zote nililitoa asubuhi ya Jumatatu, nimelihamishia Jumatano kipindi cha nne. Mkuu wa shule ameniuliza sababu. Nimempa hesabu hiyo hiyo ya saa kumi, pamoja na nakala ya ule ukurasa wenye mkia wa wino, jina la kijana nikiwa nimelifunika.

Mwalimu wa kipindi cha kwanza